Kura ya Wezi

Wageni wanaofika Tabora hupenda kupelekwa Kwihara kuliona tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Nimewapeleka wengi, kwa sababu mwalimu mstaafu ni makumbusho ya bei nafuu, hana tiketi wala saa za kufunga. Wakishaangalia milango ya mbao na ua, huuliza maswali yale yale: Stanley alilala chumba gani, pembe za ndovu ziliwekwa wapi, watumwa walipita njia ipi. Siku moja kijana mmoja, mwanachuo wangu wa zamani, aliuliza swali ambalo sikuwa nimeulizwa kabla. Alisema, "Mwalimu, njia yote hii kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, nani alikuwa akiilinda? Na nani alimwambia alinde nini?"

Nilimjibu kwa yale niliyokuwa nikiyafundisha miaka yote. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Swali la pili lilinirudisha kwenye jambo ambalo sijawahi kulisimulia mbele ya darasa, nalo ndilo sababu ya kuandika kurasa hizi.

Nianze na njia. Burton na Speke walifika hapa, wakati huo pakiitwa Kazeh, mwezi Novemba 1857, wakakuta njia ina wenyewe. Kila mtawala aliyepitiwa na msafara alidai hongo, yaani nguo, shanga, waya au baruti, naye aliyelipa alipata maji na usalama mpaka mpaka wa jirani. Wageni wameandika juu ya hongo kana kwamba ilikuwa ujambazi. Mimi siioni hivyo. Ilikuwa ushuru, na kama ushuru wote ulikuwa na haki yake na uonevu wake. Mnywa Sele wa Unyanyembe alipowatoza wafanyabiashara wa Kiarabu kodi, hawakuja kujadiliana naye. Walimtoa, wakamweka Mkasiwa, na Mnywa Sele akaishia porini akiiwinda misafara ile ile aliyokuwa akiitoza. Aliuawa mwaka 1865. Kisha akatokea Mirambo wa Urambo na rugaruga wake, ambaye mwaka 1871 aliwapiga Waarabu wa Tabora na kuchoma sehemu ya makazi yao. Mirambo huyo huyo, alipokwisha kuishika njia mkononi, aliifanya ipitike. Wamisionari wa Kiingereza walijenga kwake na wakaishi kwa amani. Aliyekuwa mwizi kwa mmoja alikuwa polisi kwa mwingine.

Katika habari zote hizo mpagazi hayumo. Wanyamwezi ndio waliobeba mizigo ile, na wake zao ndio waliolima mtama na viazi vilivyolisha misafara. Lakini sijasoma popote kwamba mtu alimwuliza mpagazi ni kipande gani cha njia kinachomtisha. Wala Wajerumani hawakuuliza. Januari 1893 mtemi Isike, alipoona boma lake limeshavunjwa, aliwasha ghala lake la baruti ajilipue na walio wake. Baada yake likaja boma la askari, na kodi iliyoanza mwaka 1898 ikachukua nafasi ya hongo. Waingereza nao, kwa sheria yao ya mwaka 1926, waliwarudishia watemi baraza na kifungo, ila mtemi alikuwa akijibu juu, kwa Bwana Shauri.

Hata hivyo, chini ya hayo yote lilikuwapo jambo ambalo hakuna serikali iliyolileta. Baba yangu, aliyefanya kazi ya reli, alikuwa akitusimulia juu ya mwano. Mwano ni ukunga. Ng'ombe wakiibwa au mtu akivamiwa, mwenye shida hupiga mwano, na anayeusikia hupaswa kuacha anachofanya na kukimbilia. Asiyekwenda hukaliwa kikao na banamhala, wazee, naye hulipa. Hapo ulinzi haukuwa kazi ya mtu fulani mwenye kofia. Baba alisimulia haya kwa fahari, kisha kila mara alimalizia kwa sauti ya chini kwamba mwano ukishapigwa haurudi bure: ni lazima apatikane mtu. Nilikuwa mtoto, nikadhani anausifu.

Watemi waliondolewa madaraka mwaka 1963. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikavunjwa, na kati ya 1973 na 1976 watu wakahamishiwa vijijini. Sitaki kuwa miongoni mwa wazee wanaosema kila kitu cha Ujamaa kilikuwa kibaya. Kilinipa mimi kazi, na kiliwapa wazazi wangu kusoma na kuandika. Lakini ukweli ni kwamba kijiji kipya kiliwakusanya watu waliokuwa hawajuani, na ng'ombe wao pamoja, na polisi wa karibu alikuwa mwendo wa siku nzima kwa baiskeli. Vita vya Uganda vilipokwisha mwaka 1979, silaha nyingine hazikurudi ghalani. Hali ya uchumi mnaikumbuka, sabuni kwa foleni. Wizi wa ng'ombe ukageuka kuwa biashara yenye bunduki.

Na watu hawakuwa na imani na dola. Wenzetu wa Mwanza na Shinyanga walikuwa wamekwisha kuonja. Mwaka 1976 vyombo vya usalama vilipelekwa huko kukomesha mauaji ya vikongwe waliodhaniwa wachawi. Kazi ilikuwa njema. Lakini watu walikamatwa kwa mamia, wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa waliowakamata. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu kwa ajili ya makosa ambayo hakuyatenda kwa mkono wake. Wengi humkumbuka kwa jambo hilo kama kiongozi mwungwana, na ndivyo. Mimi huwakumbuka pia wale waliofia mahabusu, kwa kuwa hawakuwa na cha kujiuzulu.

Katika hali hiyo, kama mwaka 1981 na 1982, pande za Kahama, Shinyanga na Nzega, wananchi walianza kujilinda wenyewe. Hapa kwetu waliitwa Busalama. Jina lililoenea nchi nzima ni Sungusungu, wale chungu weusi waumao kwa pamoja. Kila kijiji kilichagua mtemi wake wa Sungusungu, kamanda na katibu. Silaha zao pinde na mishale, na filimbi. Ng'ombe wakiibwa, filimbi ilipigwa, kijiji kikafuata kwato mpaka mpaka wa jirani, jirani akaamshwa akapokea kwato zile. Akishindwa kuonyesha zilipotokea katika ardhi yake, deni likawa lake. Nilitembea nao usiku mmoja mwaka 1983, nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Nzega, ambacho sitakitaja. Tulikwenda tangu saa nne usiku mpaka mapambazuko, vijiji vitatu, na kila tulipofika watu walikuwa wamesimama njiani wakitusubiri. Hakuna aliyelipwa hata senti. Ng'ombe tisa walirudi siku ile. Mjane mmoja aliyekuwa na ng'ombe wawili kati ya hao alipiga magoti mbele yetu sisi vijana, jambo lisilo desturi, na wazee wakamwinua. Anayetaka kuniambia Sungusungu walikuwa wahuni tu, kwanza namwambia habari za mjane yule.

Chama kiliwaunga mkono mapema. Baadhi ya mahakama ziliwashtaki na kuwafunga. Mwaka 1989 ndipo Bunge lilipozirekebisha sheria za mgambo na kuwapa Sungusungu uwezo wa kukamata. Ila jambo langu lilitokea kabla, mwaka 1984.

Mwaka ule ng'ombe waliibwa mara nne katika miezi miwili, na kwato zilipotelea kijijini kwetu. Maana yake kila mtu aliijua: mwizi, au mwenyeji wa wezi, yumo ndani. Mkutano wa kijiji uliitishwa chini ya mwembe mkubwa wa shule. Ikaamuliwa kura. Kila mtu mzima aandike jina la anayemshuku, karatasi iwekwe kwenye debe, zihesabiwe mbele ya watu. Ilionekana njia ya haki kuliko zote. Hakuna kumnyooshea mtu kidole, hakuna kumpeleka mtu kwa mganga kuaguliwa. Kura ya siri, kama ile tuliyowachagulia wabunge. Mimi mwenyewe niliisifu mkutanoni. Niliwakumbusha kwamba hapa hapa Tabora, Januari 1958, mkutano wa TANU uliamua kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, na kwamba ni kwa karatasi, si kwa mapanga, nchi hii ilijitawala. Watu walipiga makofi. Huwa nayakumbuka makofi yale.

Karatasi zilitoka stoo ya shule. Nilizikata mimi, kwa rula na wembe, kutoka madaftari ya mistari. Nikateuliwa kuhesabu kwa kuwa ni mwalimu na si mzaliwa wa pale, kwa hiyo sina upande.

Karatasi zilikuwa 112. Nyingi hazikuwa na jina, au zilikuwa na majina yaliyotawanyika, mtu mmoja mmoja. Jina moja lilirudi mara 37. Lilikuwa la fundi baiskeli. Alikuwa mtu wa kuja, aliyefika na operesheni ya vijiji akiwa na mke, bisibisi na pampu; alikuwa mpole, mwenye maneno machache, na kwa ajili ya kazi yake alijua kila mtu alikwenda wapi na baiskeli yake. Sasa, msomaji, mwalimu ana ugonjwa mmoja usiopona: anajua miandiko. Nilipofika karatasi ya ishirini hivi niliona herufi k yenye mkia uliopinda kushoto. Nikaiona tena. Na tena. Karatasi kumi na moja zenye jina la fundi ziliandikwa na mkono mmoja, na mkono huo niliufundisha mimi katika kisomo cha watu wazima. Ulikuwa wa mtu mwenye ng'ombe wengi, aliyekuwa na deni kwa fundi, rimu mbili na matengenezo ya miezi mingi, na walikwisha kugombana hadharani kwa ajili hiyo.

Nilisimama na karatasi mkononi. Najua nilichojiambia, maana nimejiambia mara nyingi tangu siku ile. Nilijiambia kwamba mtu yule alikuwa ameketi na wazee wasiojua kuandika, akajitolea kuwaandikia, na huenda ni kweli walimtajia jina hilo. Nilijiambia kwamba hata ukitoa kumi na moja zinabaki 26, bado nyingi kuliko za mwingine yeyote. Nilijiambia kwamba mhesabu kura hatafsiri kura. Yote hayo yangeweza kusemwa kwa sauti, watu wakayapima. Sikusema. Nilitangaza, "Thelathini na saba," nikaketi.

Sungusungu walimtoza fundi ng'ombe watano. Hakuwa hata na mbuzi. Aliposhindwa, akatengwa. Vijana wa sasa hudhani kutengwa ni kununiwa. Kutengwa ni kwamba hakuna atakayekuuzia chumvi wala kukupa moto, mkeo akifika kisimani wenzake wanaondoa ndoo zao, ukifiwa unachimba kaburi peke yako, na yeyote atakayekusalimia analipa faini. Mtoto wao alikuwa darasa la nne shuleni kwangu. Shule ni ya serikali, hatukuweza kumfukuza wala sikutaka, lakini dawati lake lilibaki na mtoto mmoja wakati madawati mengine yalikuwa na wanne. Nilikuwa nikipita dirishani nikimwona ameweka daftari upande wa kushoto na mfuko upande wa kulia, kusudi dawati lionekane limejaa.

Walidumu wiki saba. Asubuhi moja walionekana wakielekea Bukene kwenye stesheni, fundi akisukuma baiskeli iliyofungwa sufuria na magurudumu ya akiba, mke na mtoto nyuma. Nilikuwa njiani nikienda shuleni. Mke wake alisema, "Mwadila, mwalimu," ingawa ilikuwa asubuhi, na mtu hasemi mwadila asubuhi. Sikujua kama alikosea, kwa kuwa lugha si yake, au kama alitaka kuniambia kwamba kumekuchwa. Niliitikia kwa kichwa tu. Faini ya salamu nilikuwa na uwezo wa kuilipa.

Ng'ombe waliacha kuibwa kwa muda, halafu wakaibwa tena. Kama fundi alikuwa mwizi au hakuwa, sijui mpaka leo.

Miaka ikaenda. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, mwaka ule ule wa kura yetu, na kuanzia 1988 mtu aliweza kuzidai mahakamani, ikiwemo ile ya kutomtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla haijathibitika. Nilizifundisha vyuoni, kwanza nikiwa mkufunzi, baadaye mkuu wa chuo. Nilizifundisha vizuri, naamini. Mfano wa fundi baiskeli sikuutumia.

Ndipo ukaja mwaka 2009. Tangu 2007 ndugu zetu wenye ualbino walikuwa wakiuawa na kukatwa viungo, kanda ya Ziwa hasa, na huku kwetu pia watoto wenye ualbino hawakuweza kutembea peke yao kwenda shule. Januari mwaka ule Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitokwa na machozi Bungeni kwa ajili ya jambo hilo. Mwezi Machi serikali ikatangaza kura ya maoni ya siri: wananchi waandike majina ya wanaowashuku kwa mauaji hayo, na ya majambazi. Nchi nzima ilikuwa imekuwa kijiji changu cha Nzega.

Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu. Sikuwa na njia bora ya kupendekeza, na aliyeona picha za watoto wale hawezi kuwalaumu walioamua hivyo. Serikali haikukosea kuwauliza wananchi. Ilikuwa imekaa muda mrefu mno bila kuwauliza. Kilichonisumbua ni swali lenyewe. Kuna kuwauliza watu "nini kinawasumbua," na kuna kuwauliza "ni nani." La kwanza kila mtu ana jibu lake, tena jibu la kweli, kwa maana yeye ndiye anayelala nalo. La pili wanaolijua ni wachache, na wasiolijua hawaachi karatasi tupu. Huandika jina la yule wasiyempenda, au wasiyemjua. Mwanachuo mmoja alinifuata ofisini siku moja kabla, akaniuliza, "Mkuu, kama simjui yeyote niandike nini?" Nikamwambia asiandike kitu. Akasema, "Wataona nawaficha." Kijana yule alikuwa na miaka ishirini na mbili na alikwisha kuelewa kitu ambacho mimi kilinichukua robo karne.

Karatasi yangu niliiingiza tupu. Mwezi Septemba mwaka huo wanaume watatu walihukumiwa kifo huko Kahama kwa kumuua mtoto mwenye ualbino, hukumu ya kwanza ya aina yake, na ilitokana na ushahidi uliopimwa mahakamani.

Tangu 2006 Jeshi la Polisi, chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema, lilikuwa likihubiri polisi jamii na ulinzi shirikishi. Maneno haya yalinichekesha kidogo, kama mtu aliyerudishiwa jembe lake akaambiwa ni zawadi. Lakini niwe mkweli, mikutano niliyoihudhuria mtaani kwangu tangu nistaafu imenifundisha jambo. Katika mmojawapo, si miaka mingi iliyopita, alikuja mkaguzi wa polisi wa kata, binti mdogo kwa umri wangu. Walitafuta katibu, macho yote yakanigeukia, nikapokea kalamu kwa mkono usiotaka. Kijana mmoja alisimama akaanza, "Afande, wezi tunawajua, wa kwanza ni..." Binti yule akamkatiza: "Majina, kaka yangu, utaniletea ofisini, utaniambia na ulichokiona kwa macho. Hapa nataka mniambie tuanze na lipi."

Watu walinyamaza muda mrefu. Hawakuzoea. Kisha mama mmoja anayeuza maandazi stesheni akasema treni ya Kigoma ikiingia usiku, njia ya kutokea haina taa, na wasafiri wananyang'anywa mizigo pale kwenye mtaro. Mwingine akasema klabu ya pombe inapiga muziki mpaka alfajiri na watoto wake wana mitihani. Mtu wa bodaboda akalalamika juu ya polisi wenyewe, faini zisizo na risiti, na afande akaniambia, "Andika, mzee." Nikaandika.

Mwishoni alisimama bibi mmoja ambaye sikuwahi kumsikia akizungumza hadharani. Macho yake ni mekundu, kwa miaka ya moshi wa kuni, na kila mtu pale alijua macho ya namna hiyo yamewaponza wanawake wangapi katika nchi hii ya magharibi. Alisema usiku hutupiwa mawe juu ya bati. Hakusema zaidi. Mkaguzi akamwuliza, "Usiku mingapi sasa, bibi?" Akajibu, "Tangu mvua za vuli." Ilikuwa Mei. Jirani zake wote walikuwa wameketi pale, nami naishi nyumba ya nne kutoka kwake.

Tuliulizwa tuanze na lipi, na baada ya ubishi kuhusu taa za stesheni, jambo la bibi likawekwa la kwanza. Ratiba ya doria ya vijana wa mtaa ikabadilishwa ili wapite nyuma ya nyumba yake, mara mbili kabla ya usiku wa manane na mara moja baada yake. Niliinakili mwenyewe, kwenye karatasi ya daftari, nikaibandika mlangoni mwa ofisi ya mtaa. Wiki ya pili mawe yakakoma. Aliyekuwa akiyatupa hakujulikana, na bibi bado huniamkia asubuhi ninapopita kwenda kununua gazeti, nami husimama nikamwitikia.